Mawe ya nyongo kwa binti mwenye SS: kisa kimoja cha Lubumbashi

Mgonjwa ni binti wa miaka 16, mkazi wa komini ya Katuba, mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi unaopinda chembe nyekundu za damu kama mundu, ya aina ya SS (aliyoirithi kwa wazazi wote wawili), iliyojulikana tangu hajaanza kutembea vizuri. Aliletwa kliniki yetu mwishoni mwa mwezi wa sita na karatasi ya ekografi (picha ya tumbo kwa mawimbi ya sauti) iliyosema mfuko wa nyongo umejaa mawe, pamoja na ushauri wa kupasuliwa haraka. Hakupasuliwa wakati huo. Mwezi wa kumi na moja alipasuliwa, na safari hii hapakuwa na la kujadili. Macho yalikuwa manjano mara zote mbili, ila ugonjwa ulikuwa tofauti kabisa, na nadhani watoto wengi wa SS wanatibiwa vibaya pale ambapo manjano ya kwanza yanachukuliwa kuwa ndiyo ya pili, au kinyume chake. Nimebadilisha vitu vidogo vidogo ili asitambulike.

Jinsi alivyofika

Mwezi wa sita na wa saba ni baridi kavu hapa Lubumbashi. Usiku joto hushuka chini ya digrii 10, na wodi hujaa watoto wa SS, maana miili yao haivumilii baridi, wala kiu, wala homa. Binti alianza na maumivu ya mapaja na mgongo, siku ya pili homa ikapanda. Kituo cha afya cha mtaani kilimtundikia serumu, kikapima damu na kukuta malaria, kikampa artesunati ya sindano. Juu yake kikaongeza seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, gramu 2 kwa siku, siku tisa mfululizo.

Siwalaumu hata kidogo kwa hiyo seftriaksoni. Mtoto wa SS hupoteza kazi ya bandama yake mapema, na bakteria wakiingia kwenye damu wanaweza kumuua kabla hakujapambazuka. Ila kwenye karatasi aliyotoka nayo dawa hiyo haikuandikwa. Tuliijua kwa sababu mama yake alikuwa amehifadhi vichupa vitupu ndani ya mfuko wa sukari, akituambia kwamba alivilipia, hivyo hakuona sababu ya kuvitupa.

Katika siku hizo tisa hakula kitu cha maana. Siku ya nane maumivu yalihamia chini ya mbavu za kulia, akaanza kutapika, na macho ambayo siku zote yana umanjano kidogo yakakolea. Jirani mmoja akasema ni homa ya manjano. Mwingine akaleta mizizi ya kuchemsha "ya kuosha ini". Wakaenda kupiga ekografi mjini, wakarudi na lile jibu la mawe, na mpasuaji mmoja akataja bei.

"Docta, balisema bamupasule haraka," mama alianza kabla ya kuketi. "Miye nauzisha makala. Franga ya operesheni nitatosha wapi?"

Binti mwenyewe alikuwa mtulivu kuliko mama yake. "Ku masomo balisha kuzobelea macho yangu," akasema. "Lakini hii iko ingine."

Manjano ya kwanza

Homa ilikuwa imeshaisha. Ini lilishuka sentimita tatu chini ya mbavu, laini, bila maumivu makali. Niliweka vidole chini ya mbavu za kulia nikamwambia avute pumzi ndefu. Akaivuta hadi mwisho. Mfuko wa nyongo ukiwa umevimba kwa maambukizi, pumzi hukatika katikati, maana mfuko unateremka na kugonga vidole. Alama hiyo inaitwa kwa jina la Murphy, mpasuaji wa Chicago, nayo haigharimu hata faranga moja.

Labo ilileta hemoglobini 6.3, wakati kwenye daftari la mama kawaida yake ni 7 na ushee. Bilirubini yote, ile rangi inayofanya macho kuwa manjano, ilikuwa miligramu 7.4 kwa desilita, lakini ile iliyounganishwa ilikuwa 0.7 tu. Vimeng'enya vinavyopimwa kuangalia ini: ASAT 88, ALAT 31. Homa ya ini B na C hazikuonekana, jambo tulilotaka kulijua kwa sababu ameongezewa damu zaidi ya mara moja maishani.

Hapo kuna mambo ambayo ni lazima yaelezwe polepole, kwa kuwa ndiyo yaliyoamua. Chembe nyekundu ya mtu wa kawaida huishi siku 120 hivi. Ya mtu wa SS huishi siku 10 hadi 20. Kila inapovunjika hutoa bilirubini. Bilirubini hiyo ikiwa bado haijapita kwenye ini haiyeyuki majini, husafiri imeshikamana na protini ya damu, na figo haziwezi kuitoa. Ini ndilo huiunganisha na asidi ya glukuroniki, na baada ya hapo huyeyuka, huteremka na nyongo hadi utumboni, na kukipa choo rangi yake. Kwa hiyo bilirubini isiyounganishwa ikipanda peke yake, damu inavunjika kuliko kawaida. Ile iliyounganishwa ikipanda, tatizo liko kwenye ini lenyewe au kwenye njia inayotoka huko.

Na ASAT? Haitoki kwenye ini peke yake. Chembe nyekundu nazo zimejaa ASAT. Mgonjwa wa SS mwenye ASAT ya juu na ALAT ya kawaida mara nyingi anaonyesha damu inayovunjika. Nimeona karatasi nyingi ambazo ASAT hiyo imeandikiwa "hepatitisi" pembeni kwa kalamu nyekundu.

Kijiti cha mkojo kilisema jambo lile lile kwa bei ya chini zaidi. Mkojo ulikuwa wa rangi ya chai hafifu, lakini kisanduku cha bilirubini kilibaki bila kubadilika, huku cha urobilinojeni, kitu kinachotokana na bilirubini iliyofika utumboni, kikikolea. Isiyounganishwa haipiti kwenye figo, kwa hiyo kijiti hakiioni. Kituo cha afya kisicho na mashine ya biokemia kinaweza kutenganisha manjano hayo mawili kwa kijiti hicho, na sijui kwa nini kinatumika tu kutafuta sukari na albumini.

Sasa ile picha. Aliyepiga ekografi hakukosea: aliona vitu vinavyong'aa ndani ya mfuko wa nyongo, vingine vikiacha kivuli nyuma yake, akaandika mawe. Lakini sehemu isiyo ndogo ya seftriaksoni hutoka mwilini kwa njia ya nyongo. Ndani ya mfuko hukolea, hukutana na kalsiamu, na chumvi ya vitu hivyo viwili huganda. Jambo hili limejulikana tangu miaka ya 1980. Hutokea zaidi dozi ikiwa kubwa, siku zikiwa nyingi, mwili ukiwa umekauka, na mgonjwa akiwa hali chakula, kwa sababu asiyekula mfuko wake haukazi na nyongo inalala humo humo. Binti wetu alikuwa na hayo yote. Gando hilo linaweza kutoa kivuli kama jiwe la kweli, hivyo jicho la mtaalamu, hata liwe kali namna gani, haliwezi kulitenganisha siku hiyo. Dawa ikikomeshwa, huyeyuka lenyewe ndani ya siku chache hadi miezi miwili hivi, na maumivu nayo huondoka.

Tukamwambia mama kwamba hatupasui. Anywe maji, ale hata kama ni bukari kidogo na sombe, aendelee na asidi ya foliki, mizizi iachwe, arudi baada ya wiki sita akiwa hajala tangu usiku. Alituangalia kama watu wanaojaribu kumkwepa.

Alirudi wiki ya saba. Gando lote lilikuwa limekwisha. Mfuko ulionekana mweusi safi kwenye kioo, isipokuwa vijiwe viwili, kimoja milimita 6 na kingine 8, vyenye kivuli kikali, vilivyobingirika alipogeuka ubavu. Yaani ile karatasi ya kwanza ilikuwa imebeba vitu viwili kwa pamoja, dawa iliyoganda na mawe ya kweli, na ni muda tu ulioweza kuvitenganisha.

Kwa wanaofanya utafiti, hili linauma zaidi ya linavyoonekana. Ukikusanya ekografi za watoto wa SS waliolazwa hospitalini na kuhesabu wenye mawe, utakuwa unawahesabu pia waliochomwa seftriaksoni juma lililopita, na hapa kwetu hao si wachache. Idadi itapanda, kisha mtu atasema watoto wetu wana mawe kuliko wa kwingine, na ataanza kutafuta sababu kwenye chakula au kwenye jeni. Jeni ipo kweli: wanaorithi aina fulani ya UGT1A1, kimeng'enya kinachounganisha bilirubini, hupata mawe zaidi. Lakini huwezi kuipima vizuri kama hesabu yako ya mawe imechanganyika na dawa.

Kungoja au kupasua

Mawe haya si ya mafuta. Ya watu wanene wa makamo kwa kawaida ni ya kolesteroli. Ya SS ni ya bilirubini na kalsiamu, meusi, na huanza utotoni. Swali la kama yapasuliwe yakiwa yamekaa kimya halina jibu moja duniani. Jamaika waliwafuatilia watoto waliozaliwa Kingston kati ya 1973 na 1981 tangu siku za kwanza za maisha, na walipochapisha matokeo ya mawe mwaka 2000, wagonjwa 96 wa SS walikuwa wameshapata mawe, lakini 7 tu ndio waliofikia kupasuliwa kwa dalili za wazi. Kwingine madaktari wengi hupendelea kutoa mfuko mapema, mgonjwa akiwa mzima, kuliko kupasua usiku wa dharura.

Mimi naiheshimu hesabu ya Jamaika, lakini siwezi kuihamisha kama ilivyo. Kingston waliokuwa wakingoja walikuwa chini ya kliniki moja iliyowajua kwa majina, na ikitokea shida, njia ya kwenda hospitali ni fupi. Binti wa Katuba akizibwa na jiwe usiku wa mvua, kwanza atapelekwa kupimwa malaria. Jiwe "kimya" hapa ni jiwe ambalo mara nyingi hakuna aliyekuwapo kulisikia. Tena yeye alishapata maumivu mwezi wa sita, na ingawa naamini yalikuwa ya gando, siwezi kuapa kwamba mawe hayakuchangia. Mpasuaji wetu alitaka mwezi wa tisa: baridi imeisha, mvua haijaanza, malaria iko chini. Nilikubaliana naye.

Damu ya kuongezewa kabla ya operesheni nayo ilijadiliwa. Kuna jaribio lililochapishwa mwaka 2013, lililogawa kwa kura wagonjwa wa selimundu wanaongojea upasuaji uliopangwa: wengine waongezewe damu kabla, wengine wasiongezewe. Lilisimamishwa kabla ya muda kwa sababu wasioongezewa walikuwa wanaumia. Kati ya 67 waliohesabiwa, matatizo yalimpata asilimia 39 ya wasioongezewa na asilimia 15 ya walioongezewa, na tatizo baya zaidi lilikuwa la kifua, mapafu kuziba ghafla. Jaribio la zamani zaidi, la 1995, lilikuwa limeonyesha kwamba kufikisha hemoglobini 10 kunatosha, hakuna haja ya kubadilisha damu karibu yote. Kwetu hilo lilimaanisha kutafuta wachangiaji watatu katika familia. Walipatikana wawili, mmoja akakutwa na homa ya ini B. Pesa za operesheni nazo hazikutimia. Mwezi wa tisa ukapita.

Manjano ya pili

Katikati ya mwezi wa kumi na moja alirudi, safari hii amebebwa. Homa 39.4, kutetemeka, maumivu ya kukata chini ya mbavu za kulia yanayopenya hadi mgongoni, na mikwaruzo ya kujikuna kwenye mikono. Mama alikuwa ameweka choo ndani ya kopo: kilikuwa cheupe kama pemba, ule udongo mweupe wa sokoni wanaotafuna wajawazito. Aliona ni kitu cha kuonyesha, na alikuwa sahihi kuliko vipimo vyote vilivyofuata. Choo kisicho na rangi maana yake nyongo haifiki utumboni.

Kijiti cha mkojo kilibadilika rangi papo hapo kwenye kisanduku cha bilirubini. Labo: bilirubini 19.2, iliyounganishwa 13.8. ALAT 210. Kipimo cha kuganda kwa damu, INR, 1.6. Malaria hasi, na nasema hivi kwa sababu jibu lingekuwa chanya, nina hakika mtu angesimama hapo. Ekografi ilionyesha jiwe moja tu ndani ya mfuko, na mfereji mkuu wa nyongo umepanuka hadi milimita 12, mara mbili ya kawaida. Jiwe la pili halikuwa limeyeyuka, lilikuwa limeteremka.

Maumivu, homa na manjano kwa pamoja ndiyo alama tatu alizoziandika Charcot mwaka 1877 kwa ajili ya maambukizi ya mfereji wa nyongo. Hata hivyo kwa mgonjwa wa SS usikimbilie kisu kabla ya kujiuliza swali moja: je, nyongo imezuiwa nje ya ini, au ndani yake? Chembe zilizopinda zinaweza kuziba mishipa midogo ndani ya ini lenyewe, bilirubini ikapanda hadi namba za kutisha, damu ikakataa kuganda, na hakuna jiwe popote. Huyo ukimpasua unammaliza; anahitaji kubadilishiwa damu. Wala usimchome sindano ya ini kutafuta jibu. Utafiti wa London uliochapishwa 2003 ulihesabu wagonjwa 14 wa selimundu waliochomwa sindano hiyo: watano walitokwa damu vibaya, wanne wakafa.

Mambo mawili yalitutuliza. La kwanza ni ule mfereji uliopanuka. La pili ni vitamini K. Bila nyongo utumboni vitamini hii haifyonzwi, na hata ini lenye afya linakosa malighafi ya kugandisha damu. Tukamchoma vitamini K, na siku iliyofuata INR ikarudi 1.2. Ini lililokufa halijibu hivyo. Hii ni sindano ya bei ndogo inayotibu na kupima kwa wakati mmoja.

Tulimpa sefotaksimu na metronidazoli, tukaacha seftriaksoni makusudi. Katika hospitali zenye vifaa, kamera ndefu hupitishwa mdomoni hadi kwenye utumbo mdogo, mlango wa mfereji hukatwa kidogo na jiwe huvutwa bila kufungua tumbo. Sisi hatukuwa nayo, na mgonjwa huyo hakuwa wa kusafirishwa. Wachangiaji wa damu safari hii walipatikana saba, watu wa kanisa lao. Hofu hufanya haraka kazi ambayo maelezo yangu ya mwezi wa nane yalishindwa kufanya. Hemoglobini ilipandishwa kutoka 5.9 hadi 9.6, na tukaishia hapo, kwa kuwa damu ya SS ikizidi kuwa nzito inaziba yenyewe.

Operesheni ilikuwa ya tumbo wazi. Upasuaji wa matundu madogo kwa kamera, ulioanzishwa na Erich Mühe huko Ujerumani mwaka 1985, ungempa kidonda kidogo, lakini mfereji ulipaswa kufunguliwa na mpasuaji alitaka kuona kwa macho yake. Mfuko wote ulitolewa. Hilo ni wazo la Carl Langenbuch, aliyeutoa kwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1882: kutoa mawe na kuacha mfuko ni kungojea mawe mengine. Jiwe la mfereji lilikuwa limekwama karibu kabisa na utumbo. Tuliliweka kwenye kibakuli cha chuma pamoja na mwenzake. Yote mawili meusi, yenye pembe, yanameta. Nilipolibana dogo kwa koleo lilipasuka vipande kama vitatu, na ndani nako lilikuwa jeusi hadi katikati. Mrija wa umbo la T uliachwa kwenye mfereji.

Siku ya tatu homa ilirudi na oksijeni ya damu ikashuka hadi 91. Hicho ndicho kifua tulichokuwa tunakihofia. Alikuwa ameacha kuvuta pumzi ndefu kwa sababu kidonda kinauma, na pafu lisilojazwa hewa kwa mtu wa SS ni mwanzo wa kuziba. Morfini iliongezwa hadi akaweza kupumua, oksijeni ikawekwa, na mwuguzi mmoja akampa glovu aipulize kila saa hadi vidole vyote visimame. Binti aliichora macho ile glovu na kuipa jina la mpasuaji. Baada ya siku mbili alipanda hadi 96.

Siku ya kumi dawa ya rangi ilipitishwa kwenye mrija chini ya eksirei, ikateremka hadi utumboni bila kizuizi, mrija ukatolewa.

Alipo sasa

Kutoa mfuko hakuponyi SS. Damu itaendelea kuvunjika, bilirubini itaendelea kutengenezwa, na mawe madogo bado yanaweza kuota kwenye mfereji wenyewe, ingawa ni kwa nadra zaidi. Ndiyo maana tumemwanzishia haidroksiyurea. Dawa hii ilijaribiwa kwa watoto 606 wa miaka 1 hadi 10 huko Angola, Kenya, Uganda na hapa Kongo, Kinshasa, na matokeo yaliyochapishwa 2019 yalionyesha maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu na vifo vyote vikipungua. Nijuavyo hakuna aliyeipima kwa mawe ya nyongo kwa watoto wetu, lakini dawa inayofanya chembe zisivunjike sana inapunguza malighafi ya jiwe. Miezi minne baada ya operesheni hemoglobini yake ni 8.4 na bilirubini 3.1, karibu yote isiyounganishwa. Macho bado yana umanjano kidogo, na yatabaki hivyo. Dawa ananunua kwa mwezi mmoja mmoja. Mwezi wa pili alikosa wiki mbili.

Kwenye rejista yetu ya ekografi tumeongeza safu mbili kabla ya safu ya jibu: tarehe ya sindano ya mwisho ya seftriaksoni, na saa alizokaa mgonjwa bila kula. Mdogo wake, naye SS, ana miaka tisa, na mwezi uliopita alitibiwa nimonia kwa seftriaksoni. Mama alitaka apigwe ekografi siku ile ile aliyotoka wodini. Tumempa tarehe ya wiki nane mbele, na safari hii hakutuangalia vibaya.